Mashine ya kukatakata matawi ya bustani: ya kisu, ya rola au ya petroli?

#1 MtunzaUa
Wakuu, habari za wakati huu. Nina ua uliozungukwa na uzio wa miti pande zote, miti michache ya matunda, na maua ya kutambaa yenye miiba ambayo kila yakipogolewa huacha lundo linalofika kiunoni. Kuchoma sitaki, kwa sababu moshi huwasumbua majirani na majivu hayanipi ninachokitafuta, yaani matandazo ya kufunika udongo na mali ghafi ya mboji. Nimeamua kununua mashine ya kukatakata matawi, lakini nimekwama kwenye kuchagua. Mbili ni za umeme, zote zimeandikwa wati 2,500 na tawi la milimita 45, ila moja ni ya kisu cha kasi na nyingine ni ya rola. Ya tatu ni ya petroli, nguvu za farasi 7, nayo imeandikwa milimita 75. Kwa hesabu ya haraka naona ya petroli ndiyo yenye maana, kwa kuwa kinachoweza kikubwa hakishindwi na kidogo. Naomba mnaozifahamu mnikosoe kabla sijatoa pesa.

#2 FundiMota
Karibu, mkuu. Hiyo sentensi yako ya mwisho kuhusu kikubwa na kidogo ndiyo ninayoipinga, kwa sababu mashine hizi hazitofautiani kwa ukubwa peke yake bali kwa namna zinavyouvunja mti.

Ya kisu ina sahani ya chuma iliyofungwa visu, mara nyingi viwili, na huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Hukata kwa mapigo mengi mafupi, na kwa kawaida wewe ndiwe unayelisukuma tawi. Ya rola ina silinda yenye meno makubwa inayozunguka polepole, kiasi cha mara 40 hivi kwa dakika. Ikishalinasa tawi hulivuta yenyewe na kulibana kwenye bamba la alumini mpaka lipondeke na kukatika. Ndogo za petroli nyingi zina gurudumu zito lenye kisu, na baadhi zina nyundo zinazoning'inia ndani kwa ajili ya majani. Hizo hupokea tawi nene kupitia bomba jembamba la pembeni na majani kupitia faneli ya juu, kwa hiyo ile milimita 75 ni ya bomba tu. Ukiingiza tawi lenye matagaa haliingii hata kama shina lake ni la milimita 30.

Tuambie kwanza lundo lako lina nini. Aina ya taka ndiyo itakayokuamulia.

#3 Kipogoo
Naunga mkono #2, na naongeza hesabu. Eneo la mkato wa tawi hukua kwa mraba wa kipenyo. Tawi la milimita 75 lina mkato unaokaribia mara tatu ya tawi la milimita 45. Nguvu za farasi 7 ni kama wati 5,200, yaani mara mbili na kidogo ya mashine zako za umeme. Kwa hiyo hiyo ya petroli imeahidi kazi mara tatu kwa nguvu mara mbili. Ukiipa matawi ya milimita 75 moja baada ya jingine itaelemewa. Milimita 50 mpaka 60 ndiyo itaifanya kazi yake kwa raha.

#4 Mchanganuzi
Kipogoo, hesabu ya eneo ni sahihi lakini ulinganisho wa nguvu hauko sawa. Wati 2,500 za mashine ya umeme ni nguvu inayoingia kutoka kwenye soketi, na baada ya upotevu ndani ya mota inayofika kwenye kisu ni pungufu. Nguvu za farasi 7 za injini ni nguvu inayotoka kwenye mhimili wake. Pengo halisi basi ni kubwa kuliko ulivyoonyesha.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalisomi kwenye kibati, ile lebo iliyobandikwa kwenye mashine. Kando ya wati huandikwa mara nyingi «S6 40%» au «P40». Maana yake ni kwamba katika mzunguko wa dakika 10 mota imekadiriwa kubeba mzigo huo kwa dakika 4, na dakika 6 izunguke bila mzigo. Mashine mbili zinaweza kuandikwa wati 2,500 zote, moja ikiwa imepimwa hivyo na nyingine kwa mzigo wa mfululizo, na hizo si sawa hata kidogo. Mtoa mada, soma kibati chenyewe; maandishi ya kwenye boksi hayatoshi.

#5 MamaMiche
Hodi wanauzi. Mimi natumia ya rola kwa uzio wa miti kama wako, MtunzaUa, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kwa vijiti vikavu na matawi ya unene wa kidole gumba mpaka ya milimita 35, sina la kuilalamikia. Unaweka tawi, linavutwa, mkono wako umeshageuka kuchukua jingine. Likikwama kuna swichi ya kurudisha rola nyuma, tawi linatoka, unaendelea. Udhaifu wake uko kwenye vitu laini. Majani matupu, mabua mabichi na machipukizi ya juzi hayana ugumu wa kunaswa na meno, hivyo hubanwa na kupita yakiwa yamepondeka bila kukatika, au hujizungusha kwenye rola. Ninachofanya ni kuyachanganya: konzi ya majani, kisha tawi gumu la kuyasukuma.

Jambo la pili, lile bamba la alumini lazima lirekebishwe. Matawi yakianza kutoka yameunganika kwa ganda kama shanga kwenye uzi, ujue limekaa mbali na rola. Kuna kirungu au skrubu ubavuni: unaikaza polepole mashine ikiwa inazunguka, mpaka uone chembe nyembamba za alumini zikidondoka, halafu unaacha hapo. Rafiki yangu aliirudisha yake dukani akiamini ni mbovu, kumbe bamba halikuwa limeguswa tangu ilipotoka kiwandani.

#6 Utulivu
Kwa anayeishi karibu na watu mjadala ungeanzia kwenye sauti. Ya kisu hupiga kelele kali inayopenya ukuta, ya rola hunguruma tu. Nilizoziona za rola zimeandikwa karibu desibeli 90 na za kisu hupita 100. Mtu akisema «tofauti ya 10 tu» ajue kwamba desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi.

#7 FundiMota
Ni kweli, ila tahadhari ya kulinganisha. Watengenezaji huandika namba mbili tofauti: nguvu ya sauti ya mashine yenyewe, na shinikizo la sauti sikioni pa mtumiaji. Hii ya pili huwa ndogo kwa desibeli kadhaa kwa mashine ileile. Ukichukua namba ya kwanza ya mashine moja na ya pili ya nyingine umejidanganya. Kinga ya masikio vaa kwa zote, hata hiyo ya rola ambayo MamaMiche ataniambia haina kelele.

#8 MamaMiche
Sikusema haina kelele, kaka FundiMota, usinilishe maneno. Naivaa kinga, na miwani pia, kwa sababu kuna vijiti ambavyo rola ikivibana huruka mkia wake na kuchapa uso.

#9 MtunzaUa
Nashukuru, nimejifunza mengi. Nimekwenda kulichambua lundo kama FundiMota alivyotaka. Sehemu kubwa ni matawi ya uzio, membamba, mabichi na yenye majani mengi. Yanayozidi milimita 40 ni machache sana, ni yale ya miti ya matunda. Miiba ni mingi. Kuna pia makuti ya mnazi wa mapambo na mianzi kiasi ninayotaka kuipunguza. Sasa nina swali jipya: jirani ana ya kisu iliyoandikwa milimita 40, lakini nimeiona ikikwama kwenye matawi ya milimita 20 yenye majani. Kwa nini?

#10 Kipogoo
Visu vimekuwa butu. Kisu kikali hukata nyuzi, kikiwa butu huzichana, na nyuzi zilizochanika ndizo zinazojisokota na kuziba mdomo wa kutolea. Angalia vipande vinavyotoka. Vikiwa na kingo safi kisu ni kizima; vikitoka na ndevu ndevu, ni wakati wa kunoa. Visu vingi vya aina hiyo vina makali pande mbili, kwa hiyo kabla ya kunoa unavigeuza tu. Na kinachovimaliza haraka ni mchanga: matawi yaliyoburutwa chini, mizizi yenye udongo, na mawe madogo yanayozolewa pamoja na majani.

#11 Mchanganuzi
Inawezekana, lakini ningemuuliza jirani kwanza anatumia waya gani wa ekstensheni. Tufanye hesabu. Wati 2,500 kwenye volti 230 ni takribani ampea 11. Waya wa shaba wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita 30, kwenda na kurudi, unakula karibu volti 11 hadi 12, yaani asilimia 5. Waya wa milimita mraba 2.5 kwa urefu huohuo unakula kama volti 5. Mota ya induksheni, ile isiyo na brashi, hupoteza nguvu ya kuzungusha kwa mraba wa volti, hivyo asilimia 5 ya volti inageuka karibu asilimia 10 ya nguvu. Na waya ulioachwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake hupata joto kiasi cha kuyeyusha ganda. Ukunjue wote kabla ya kuanza.

#12 FundiMota
Mchanganuzi, hesabu ya waya naikubali, lakini hiyo ya mraba wa volti inahusu zaidi za rola, ambazo kwa kawaida ndizo zenye mota ya induksheni. Nyingi za kisu cha kasi hutumia mota ya brashi za kaboni, ndogo, nyepesi na yenye mlio mkali. Hiyo ikielemewa hupungua kasi waziwazi, na hapo ndipo ninapoona chanzo cha tatizo. Kisu cha kasi hutegemea mwendo kutupa vipande nje. Nguvu iliyohifadhiwa kwenye sahani inayozunguka hukua kwa mraba wa kasi yake. Kasi ikishuka kwa theluthi moja, zaidi ya nusu ya nguvu hiyo imekwisha. Vipande havitupwi tena, vinajaa ndani, kasi inashuka zaidi, na mashine inasimama. Dawa ni kusubiri sauti irudi juu kabla ya kuingiza tawi linalofuata. Wenye haraka ndio wanaoziba.

#13 MzeeMboji
Vijana, mmesahau maji. Majani mabichi yana maji, na yakisagwa yanakuwa uji unaoganda kwenye kuta za mdomo wa kutolea. Hata kisu kikali chenye kasi kamili kitaziba ukikilisha majani mabichi matupu baada ya mvua. Mimi huyaacha matawi ya uzio siku chache yanyauke kwanza, majani yapukutike mengine, ndipo niyalete kwenye mashine.

#14 Kipogoo
Shikamoo mzee, lakini hapo tunatofautiana. Mti mbichi hukatika kwa urahisi kuliko mkavu. Ukiacha matawi ya mti mgumu yakauke kabisa unaongeza kazi ya mota na unavimaliza visu mapema. Mimi hukata siku ileile ya kupogoa.

#15 MzeeMboji
Marahaba. Nimesema yanyauke, sikusema yakauke. Tawi la siku chache bado ni bichi ndani na majani yake yamepoteza maji. Wewe unapogoa miti ya matunda yenye majani machache, mwenzako ana uzio uliofungamana.

#16 Mwanagenzi
Naomba kuuliza kuhusu makuti na mianzi aliyoitaja mtoa mada, maana nami ninayo.

#17 FundiMota
Makuti ni adui wa karibu kila mashine ndogo. Nyuzi zake ni ndefu na ngumu, hazikatiki kwa mpigo mmoja, na hujifunga kwenye mhimili mpaka ukae chini na kisu cha mkono kuzitoa. Kata vitagaa vya kuti uviingize vichache vichache pamoja na matawi makavu, na ule mgongo wake mnene uache kabisa. Mianzi inapita, ila ina silika nyingi, ile madini inayopatikana kwenye mchanga, kwa hiyo hula makali. Watengenezaji wengine huandika wazi kwenye kitabu cha maelekezo kwamba nyenzo hizi haziruhusiwi, na ukizilazimisha dhamana yako inakufa.

#18 MamaMiche
Kwa miiba ningesisitiza tena ya rola. Kitu kinachovutwa chenyewe ni afadhali kuliko kitu unachokisukuma kwa mkono huku kinakurudi. Angalieni pia urefu wa faneli. Faneli ndefu yenye mdomo mwembamba inaudhi, kwa sababu kila tagaa lazima ulikate kwa mkasi kwanza, lakini imewekwa hivyo ili mkono wa mtu mzima usifike kwenye meno. Nimewahi kumwona mtu ameikata ili matawi yaingie vizuri. Tafadhali, asiwepo wa kumuiga. Kinachokwama kisukumwe kwa tawi jingine, kamwe si kwa mkono, na kabla ya kufungua kifuniko plagi iwe imechomolewa na sahani imesimama kabisa, kwa kuwa huendelea kuzunguka baada ya kuzima.

Glovu ziwe za kubana kiganjani. Zenye mikono mipana na kamba zinaweza kunaswa na tawi na kukuvuta.

#19 Utulivu
Niongeze kuhusu mnyaa, kama uzio wake ni huo. Utomvu wake ukiingia machoni huunguza na unaweza kuleta madhara makubwa, na mashine ya kasi hurusha matone yake kila upande. Huo ni bora ukatwe kwa mkono na urundikwe pembeni.

#20 MtunzaUa
Si mnyaa, ahsante kwa kunionya. Tumezungumza kuingia, naomba tuzungumze kutoka. Vipande vya mashine ipi vinafaa zaidi kwa matandazo na mboji?

#21 MzeeMboji
Hapa ndipo nilipokuwa napasubiri. Rola huponda, nyuzi zinafunguka, fangasi na bakteria wanapata pa kuingilia, na vipande vinaoza mapema. Kisu hutoa vipande safi vinavyokaa muda mrefu juu ya udongo. Kwa mboji nachagua rola, kwa njia za bustani nachagua kisu.

Ila vipande vya mti peke yake si mboji. Mti una kaboni nyingi mno: uwiano wake na naitrojeni hupita 200 kwa 1, wakati lundo la mboji linalochemka vizuri linataka kama 30 kwa 1. Lazima uchanganye na majani mabichi, nyasi zilizofyekwa au samadi. Bahati yako ni kwamba matawi ya uzio yenye majani mengi tayari yamebeba sehemu ya kijani ndani yake.

#22 Kipogoo
Na ndiyo maana watu husema vipande vya mti huiba naitrojeni ya mimea, kwa hiyo visitumike kama matandazo vikiwa vibichi.

#23 MzeeMboji
Vikifukiwa ndani ya udongo, ndiyo. Vikitandazwa juu, upungufu hutokea pale tu vinapogusana na udongo, tabaka jembamba sana ambalo mizizi ya miti na vichaka haitegemei. Miche midogo iliyopandwa juujuu inaweza kuathirika, hiyo sibishi. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10 na uache nafasi kuzunguka shina. Kulirundikia shina vipande vyenye unyevu ni kuliozesha ganda.

#24 Mwanagenzi
Na mchwa? Nimeambiwa matandazo ya mti huwaita mpaka ndani ya nyumba.

#25 Utulivu
Mimi nimewakuta chini ya matandazo karibu na ukuta, kwa hiyo naamini huwaita.

#26 Mchanganuzi
Inawezekana walikuwepo tayari na unyevu uliohifadhiwa ndio uliowapandisha juu ukawaona. Njia ya kujua ni kufukua mahali pasipo na matandazo uone kama wapo. Kwa vyovyote, acha ukanda mtupu wa sentimita 30 kati ya matandazo na msingi wa nyumba. Hilo halidhuru upande wowote wa ubishi huu.

#27 FundiMota
Turudi kwenye kununua. MtunzaUa, kwa lundo ulilolieleza, petroli ningeiacha. Utalipia injini, mkanda, mafuta yanayochacha kwenye kabureta ukiiweka miezi bila kuitumia, na plagi ya cheche ya injini inayohitaji kusafishwa, kwa ajili ya matawi machache ya miti ya matunda ambayo msumeno wa mkono unayamaliza.

#28 Kipogoo
Napinga kwa sababu moja. Petroli haina waya. Ua ukiwa mrefu, Mchanganuzi ameshatuonyesha waya unavyokula umeme, na kuburuta lundo zima mpaka karibu na soketi ni kazi kubwa kuliko kulikatakata. Tena gurudumu lake zito halisimami kwa kila fundo la tawi. Kama anapogoa mara moja kwa mwaka tu, basi akodishe kubwa yenye rola za kuvuta kwa siku moja, au majirani wanunue moja kwa pamoja.

#29 MamaMiche
Kukodisha kunafaa kama lundo ni la mara moja. Uzio haungoji mwaka, dada yenu nawaambia. Kila baada ya majuma machache una kikapu, na kikapu kimoja hakimfanyi mtu akakodishe mashine ya kukokotwa na gari.

#30 MtunzaUa
Soketi iko kama mita 20 kutoka kona ya mbali. Nimeelemea kwenye ya rola, lakini majani mabichi bado yananitia wasiwasi kwa maelezo ya #5. Muuzaji amekubali nipeleke fungu la matawi yangu tuijaribu hapohapo. Nipeleke yapi?

#31 MzeeMboji
Peleka yaliyonyauka na mabichi, yaliyotengwa, ili tuone nani alikuwa sahihi kati yangu na Kipogoo.

#32 Kipogoo
Nakubali, mzee. Na apeleke tawi moja la mti wa matunda la milimita 40 kamili, lenye fundo, alilipime mwenyewe kabla ya kuondoka nyumbani.

#33 FundiMota
Peleka pia futi ya kupimia, upime kama ekstensheni yao ni fupi kuliko utakayotumia wewe. Kisha mwombe muuzaji akuonyeshe skrubu ya bamba la alumini iko wapi, na kama bamba lenyewe na rola vinauzwa peke yake kama vipuri. Asipojua skrubu ilipo, uliza tena mahali pengine.